Kwa Nafula, Anayekwenda kwa Mizinga

Nafula, Mama yangu,

Barua yenye heshima huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa asubuhi ya leo ukiwa na afya ya kutosha kunipita mlangoni bila kunitazama, umebeba mkate na majani ya chai ya nyanya yako Cucu, na mama yako anakufuata nyuma akilalamika kwamba mtafika Kabazi watu wameshakula. Mimi pia ni mzima, ukitoa goti na hili sikio la kushoto ambalo nyinyi wawili mmeligeuza kuwa upande wa kunisengenyea. Msidhani sijui. Maneno siyasikii, lakini mabega yenu nayaona yakicheka.

Niliwaambia nabaki kwa sababu kazi ya kuchoma nyama Kikopey imenichosha. Huo ulikuwa uongo mdogo. Nimebaki ili nikuandikie kabla hamjarudi, maana kesho unaenda kambini kuanza kazi kwenye mizinga, na tangu ile habari ya simu mimi na wewe hatujaongea vizuri. Tunasalimiana, tunapeana chumvi mezani, basi. Nikijaribu kwa mdomo huwa naanza kwa upole na kumaliza kwa amri. Kwenye karatasi, nikimsikia sajini anaingia, angalau naweza kuufuta mstari.

Sitakuambia ubebe sweta. Mama yako ameshapakia mbili, na ya tatu ameificha chini kabisa, utadhani ni taulo. Habari za viatu, maombi na marafiki wabaya pia nimemwachia yeye. Mimi nina neno moja tu la kukupa, na hilo lenyewe unalo tayari. Ila hujawahi kuambiwa lilikotoka, lote, tangu mwanzo. Kwa hivyo kaa nikuambie kuhusu Shosho.

Simaanishi Cucu, ingawa majina yote mawili maana yake ni nyanya, na tafadhali usimsomee sehemu hii. Shosho ulikuwa mzinga wetu. Kila kundi la watu wa mzinga huupa mzinga wao jina, na wengi hupenda majina ya kutisha, Simba, Radi, mambo kama hayo. Sisi wetu tulimwita Shosho kwa sababu hakuweza kwenda popote bila kuvutwa. Lori lilimkokota polepole, akifika alisaidiwa kuketi, na kabla hajaketi vizuri hukuweza kumwuliza kitu. Lakini akishasema neno lake, kila mtu alinyamaza.

Wako utakutana naye wiki hii, nami nakuonea wivu kidogo. Utafungua ile miguu miwili mirefu ya chuma iliyo nyuma, na mwishoni mwa kila mguu utaona kitu kama jembe. Hayo majembe yanazikwa ardhini ili mzinga usirudi nyuma na kuwaponda. Utachimba, utahamishwa, utachimba tena, na mgongo wako utanitukana. Babu yako alishika sururu ya reli hapa Nakuru maisha yake yote. Mimi niliikimbia ile sururu nikaingia jeshini, na siku ya kwanza kwenye mzinga nikapewa sururu.

Halafu kuna jambo litakalokushangaza. Hutamwona unayempiga. Mlengaji wetu hakuwa akimtazama adui hata kidogo, alikuwa akitazama vijiti viwili vilivyopakwa rangi, tulivyovipanda sisi wenyewe mchangani. Aliyeona alikuwa mbali sana mbele, amelala juu ya kilima na darubini na redio. Yeye alituma alichoona, hema la nyuma likapiga hesabu, na sisi tukapokea namba. Kila namba tuliirudia kwa sauti kabla ya kuifanya, ili kosa likiwepo lisikike. Ndiyo maana mpaka leo mteja akiniagiza kule Kikopey namrudishia kwa kelele: "Mbavu kilo mbili! Ugali sahani tatu! Kachumbari bila pilipili!" Watu hudhani ni mbwembwe za biashara ya choma. Ni mazoea ya Shosho tu.

Mkubwa wa Shosho alikuwa Sajini Mutiso, mtu mfupi wa Machakos mwenye sauti iliyomzidi kimo. Siku ya kwanza alitupanga mbele ya mzinga akatuambia, "Huu mzinga uko na mdosi mmoja, na ni mimi. Nikisema lala, unalala. Lakini kuna neno moja si yangu peke yangu, ni ya kila mtu. Ukiona kitu haiko sawa, kitu yoyote, unainua mkono unaita 'Simama!' Hata kama ulikuja jana. Hata kama mimi ndio nimekosea. Hata kama kuna jenerali amekuja kutuangalia. Na hakuna mtu atasonga mpaka mimi niseme 'Endelea.' Tumesikizana?"

"Tumesikizana, Sajini."

Mtu mmoja akauliza, "Na kama umeita, halafu kumbe hakuna kitu?"

"Basi jioni wewe ndio utakunywa chai kwanza."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba ile sheria haikuwa ya Mutiso. Ni ya watu wa mizinga kila mahali, na vitabuni imeandikwa kwa Kiingereza. Ile ya chai ndiyo iliyokuwa yake.

Wa kwanza kulitumia lile neno nilikuwa mimi, na nililitumia kwa aibu. Tulikuwa mazoezini, tunapiga makombora ya kweli kwa mara ya kwanza, wakubwa wamekuja kutazama wakiwa na kofia zao nzuri. Nikaona kitu kinatembea kichakani mbele ya mzinga. Niliinua mkono nikaita "Simama!" mpaka sauti ikakatika. Kila mtu akaganda. Wakubwa wakashusha darubini. Kile kitu kikatoka kichakani polepole, na kilikuwa ngiri. Ngiri na watoto wake, mikia juu, wanavuka bila haraka, na jeshi zima limewasimamia kama msafara wa rais.

Afisa mmoja alinitazama mpaka nikatamani lile shimo la jembe linimeze. Mutiso alingoja mkia wa mwisho upotee, kisha akasema "Endelea," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Jioni nikajificha mwisho wa foleni ya chai. Alikuja akanishika bega, akanipeleka mbele, mbele ya watu wote, mbele yake mwenyewe, akanimiminia kikombe. "Huyu leo ameona ngiri," akawaambia. "Kesho ataona kitu ingine." Kwa miezi mingi jina langu likawa Ngiri. Lakini ile chai ilikuwa moto, ilikuwa na sukari, na niliinywa yote.

Hiyo kesho ilikuja, ng'ambo ya mpaka, wakati wa vita.

Tulikuwa tumemkokota Shosho kwenye mchanga na miiba mpaka magurudumu yakawa yanajulikana kwa majina. Asubuhi moja redio ikaita. Wenzetu walikuwa wamebanwa kwenye mto uliokauka, na waliokuwa wakiwapiga risasi walikuwa mbele yao kidogo tu. Maana yake kombora letu lilipaswa kupita juu ya vichwa vya wenzetu na kuanguka ng'ambo yao. Likienda fupi, linawaangukia wao.

Sasa nikueleze kuhusu mifuko, utaizoea. Kombora lile ni zito kama gunia la viazi vya Kabazi, hubebwa na watu wawili. Linasukumwa ndani kwanza, kisha nyuma yake inatiwa mifuko ya baruti. Mifuko mingi, linaenda mbali. Mifuko michache, linaanguka karibu. Ile isiyotumika inawekwa kando kwenye turubai, mahali watu wanaiona. Amri ilikuwa mifuko mitano kati ya saba. Aliyekuwa kwenye baruti siku hiyo alikuwa Kiprotich, rafiki yangu, na alikuwa hajalala kama sisi wengine. Alichotia sikukiona. Niliona kilichobaki, na kwenye turubai kulikuwa na mifuko mitatu.

Saba kutoa tano niliijua tangu darasa la kwanza. Lakini pale nilibishana nayo. Nilijiambia, wewe ndiye Ngiri, umeshachekesha watu mara moja. Wenzako wanakufa wakisubiri hili kombora, na wewe unataka kusimamisha mzinga. Labda umehesabu vibaya. Mlango wa mzinga ulikuwa umeshafungwa na mwenye kamba ya kufyatulia alikuwa ameshaikaza. Nafula, nakuambia ukweli wa Mungu, sikukumbuka sheria, sikukumbuka bendera. Nilikumbuka kile kikombe cha chai, na kwamba hakuna mtu aliyenifanyia kitu. Nikainua mkono nikaita, "Simama!"

Wote wakaganda. Kwenye redio mtu alikuwa anatuita kwa sauti ambayo sitaki kukuelezea. Mutiso alinigeukia, na kama macho yangekuwa na risasi nisingekuwa hapa kukuandikia. Nilinyoosha kidole kwenye turubai. Akatazama, akahesabu, akafungua mlango, Kiprotich akatia ule mfuko wa tano, mlango ukafungwa.

"Endelea."

Shosho akasema neno lake. Wenzetu walitoka kwenye ule mto kwa miguu yao wenyewe.

Jioni Mutiso akanimiminia chai ya kwanza. Mimi nikampa Kiprotich kikombe changu kwa sababu alikuwa amekaa peke yake nyuma ya lori, hakuja hata kwenye foleni. Mutiso akaning'akia, "Rudisha hiyo kikombe! Yako ni yako. Kunywa, halafu yeye atapata ya pili." Na ya pili akampa kweli, kabla ya kila mtu mwingine, na hakumwambia neno lolote baya, siku ile wala baadaye. Huyo Kiprotich ndiye yule anayelima Molo, anayetuletea mbuzi kila Krismasi, na mama yako husema, "Huyu rafiki yako ni mkarimu sana, mbuzi ya bure." Sasa wewe unajua si ya bure.

Usifikiri nakusifia mzinga kama mwenye duka. Baadaye tulipita na lori ule upande tuliokuwa tukiupiga. Kulikuwa na shamba la mtama lenye mashimo, shimo moja limejaa maji ya mvua, na mbuzi wa mtu wakinywa humo. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Mpaka leo sijui ni nani aliyekuwa pale kabla ya mbuzi. Kanisani watu hunishukuru kwa kulinda nchi, nami naitikia, na ninajivunia, kweli ninajivunia, lakini kila mara lile shimo huja pamoja na hizo shukrani. Wewe pia huenda ukawa na lako. Dawa yake sina. Likikujia, piga simu nyumbani, na kama mama yako ndiye atakayeshika, mwambie unamtaka Baba.

Nilipostaafu nikarudi hapa Section 58, nilileta nyumbani kila kitu cha Mutiso isipokuwa kile kilichokuwa bora. Nilileta sauti. Nilileta saa ya kulala, viatu kwenye mstari, sahani kabatini kwa ukubwa wake. Ulikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, ukawa unanirudishia amri zangu kama kuruta: "Nimesikia Baba, nafagia Baba." Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Nilikuwa namwambia mama yako, umeona mtoto alivyo na nidhamu?

Kisha ikaja siku ya tangi la maji la Cucu. Unaikumbuka, lakini acha niisimulie, kwa sababu ukiisimulia wewe unaongeza chumvi. Nilikuwa nimeazima pikapu na trela kwa mdosi wangu Njoroge, tangi jeusi limefungwa juu, majirani wote wa ploti wametoka kutazama. Mimi nikaunga trela kwa madaha. Mama yako akasema, "Baba Nafula, hebu angalia tena hapo nyuma." Nikamjibu kwa sauti, ili majirani nao wasikie, "Mimi nimekokota mzinga mpaka ng'ambo ya mpaka, leo unanifundisha trela?" Akanyamaza. Wewe ulikuwa umesimama karibu na gurudumu na fulana yako ya michezo. Na wewe ukanyamaza.

Tulipokaribia Kabazi, pale barabara inapoinama, nikaona trela inatupita upande wa kulia. Nikaanza kumtukana huyo dereva asiyejua sheria za barabara, halafu nikalitambua tangi. Trela yetu wenyewe ilitupita bila hata kupiga honi, ikaacha lami, ikaingia kwenye mahindi ya mzee wa kanisa wa akina Cucu, tangi likaruka, likabingirika, likaenda kutulia kwenye boma la ng'ombe. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Cucu alitoka na kitenge chake, akatazama mahindi, akatazama trela, akanitazama mimi. "Kwani hii ndio jeshi ilikuwa inatulinda?"

Mpaka leo nikifika kule, watoto wa yule mzee wa kanisa huita ng'ombe wao waondoke njiani.

Lakini kilichoniuma si hicho. Tulikuwa tunaokota mabua, mimi na wewe tu, ndipo ukasema polepole, "Niliona, Baba. Ile pini ulikuwa hujaifunga."

"Uliona saa ngapi?"

"Tukiwa nyumbani."

"Sasa mbona hukusema?"

Ukatazama viatu vyako. "Ungenikasirikia."

Niliketi palepale kwenye mahindi ya watu. Mutiso aliongoza wanaume wenye bunduki na hakuna hata mmoja aliyeogopa kumsimamisha. Mimi niliongoza mke mmoja na mtoto mmoja, na mtoto aliona pini iko wazi, akapanda gari na kunyamaza, kwa sababu aliiogopa hasira yangu kuliko barabara. Niliona aibu, Mama. Niliona aibu kuliko siku ya ngiri, na bado naiona. Jioni hiyo jikoni kwa Cucu niliwaeleza ile sheria ya mzinga, kila mtu ana ruhusa ya kusema Simama, na tukaichukua ikawa ya nyumba yetu, pamoja na chai yake.

Ulivyoitumia mwanzoni ulikuwa mchezo mtupu. "Simama! Baba amejipakulia paja mbili!" Mama yako alinisimamisha katikati ya sala ya chakula kwa sababu ugali ulikuwa unapoa. Nilikuwa nawamiminia chai kila jioni nikijiuliza kama Mutiso angevumilia hizi. Halafu mchezo ukakomaa. Ulinisimamisha siku niliyotaka kukuhamisha shule kwa hasira. Ulinisimamisha nilipokuwa namfokea mama yako kwa kosa langu mwenyewe. Kila mara ilinichoma, na kila mara nilikumiminia chai kwanza. Isipokuwa mara moja.

Ulipomaliza mafunzo ukaja likizo, ukasema umepangiwa mizinga, nilikukumbatia, nikatoka nje, nikalia nyuma ya kamba za nguo. Nusu ilikuwa furaha, na furaha ya namna hiyo sijawahi kuiona tena tangu ulipozaliwa. Nusu nyingine ilinifanya nichukue simu kesho yake. Nilimpigia rafiki wa zamani ambaye sasa ni mtu mkubwa, nimwombe akutoe huko, akuweke stoo ya nguo kwenye kambi ya hapa karibu, uwe unahesabu blanketi na Jumapili unakuja kula. Nilikuwa nimeshafika kwa "Habari ya siku nyingi, mkubwa." Ukatoka jikoni, ulikokuwa umenisikia nikimweleza mama yako mpango huo, na povu la sabuni mikononi. Ukainua mkono mmoja, povu likidondoka kwenye zulia.

"Simama, Baba."

Hukupiga kelele. Nilikata simu, kwa kuwa sheria ni sheria, na sikumpigia tena. Lakini nilikukosea. Jioni nilijimiminia chai yangu kwanza. Mama yako aligonga meza na kijiko. "Baba Nafula, mtoto amesimamisha. Chai ni ya nani?" Nami nikajifanya amesemea sikio la kushoto. Na lile neno la pili, ambalo ni mkubwa wa mzinga peke yake anayelisema, sikulisema. Tangu siku hiyo nyumba hii iko vilevile, mkono juu, watu wameganda. Umekuwa ukipiga pasi, ukifungasha, ukizunguka kuwaaga jamaa, na unaningoja. Najua kesho ungeenda hata nisiposema kitu, na ungekuwa na haki yako. Lakini hungeenda vizuri.

Kule Kikopey nimekuwa mtu mwingine. Huko nimemwambia kila mteja, mwenye lori, mwenye basi, mzungu aliyepotea njia ya Naivasha, kwamba binti yangu anaenda kwa mizinga. Njoroge ameshachoka. "Mzee, hizi mbavu zinaungua na bado hujamaliza kulipua hiyo mzinga."

Jana nikiwa katikati ya hotuba, kijana mmoja kwenye meza ya vijana wenye nywele fupi akageuka. Si vigumu kuwatambua askari wa kambi ya Gilgil hata wakivaa jinzi. "Ati mzee wewe ndio buda ya Nafula? Nafula wa Section 58?"

"Mimi ndiye baba yake."

"Mzee, huyo msichana wako si mchezo. Tulikuwa na yeye kwa mafunzo. Siku ya kushuka na kamba, mimi ndio nilikuwa nafuata. Si akatoka kwa laini, akainua mkono, 'Simama!' Wasee wote wakaganda. Afande akawaka moto, akamuuliza, 'Wewe nani amekupa ruhusa ya kusimamisha watu hapa?'"

Koleo lilikuwa mkononi mwangu. "Akasema nini?"

"Akasema, 'Hiyo ni sheria ya kwetu nyumbani, Afande.' Mzee, sisi tulijua ameisha. Alafu wakapanda kuangalia juu. Fundo ilikuwa inafunguka. Na mimi ndio ningekuwa kwa hiyo kamba."

"Wakamfanya nini?"

"Akakimbizwa uwanja juu ya kuongea bila ruhusa. Lakini jioni afande mwenyewe alikuja akamsalimia na mkono."

"Chai je? Walimpa chai kwanza?"

Kijana akawatazama wenzake. "Chai gani, mzee?"

Nilimpa Njoroge koleo nikaenda kusimama nyuma ya kuni. Nilipotulia nikarudi, nikawakatia vijana wale mbavu ambazo hawakuziagiza, na Njoroge akanikata jicho tu. Likizo nzima umekaa nasi na hukutuambia hadithi hiyo. Labda ungeniambia siku ile ile ya simu, kama ningenyamaza nikakumiminia chai.

Nafula, nilidhani naogopa mzinga. Kumbe nilichokuwa naogopa ni kwamba siku moja utaona turubai lina mifuko mitatu na utatazama viatu vyako, kwa kuwa mimi ndiye niliyekufundisha kutazama viatu. Hiyo ndiyo hofu iliyonifanya nipige simu. Na wewe umeshalijibu hilo swali mbele ya watu wakali kuliko mimi, ukasema ni sheria ya nyumbani. Nimepewa medali moja maishani, iko kwenye kabati la vyombo, mama yako hufunikia nayo chupa ya mafuta. Maneno ya yule kijana nimeyapenda kuliko hiyo medali. Najivunia wewe mpaka kifua kinaniuma, na nasikitika kwamba wateja wa nyama walilisikia hilo kabla yako.

Huko kuna siku utaita na itakuwa ngiri. Watakucheka, watakupa jina. Ita tena. Na miaka ikienda, ukawa wewe ndiye mkubwa wa mzinga, halafu mgeni aliyekuja juzi akakusimamisha mbele ya wakubwa wenye kofia nzuri, utasikia hasira inapanda. Mmiminie chai.

Nasikia lango. Hiyo ni sauti ya mama yako, analalamika kwamba viazi vya Cucu ni vizito, na wewe unamcheka. Naacha hapa. Kesho nitatangulia kuamka, nitachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi kama unavyoipenda, na kikombe cha kwanza ni chako hata kama mchungaji atakuwa amefika kutuombea. Nitakaa upande ambao sikio la kulia litakuwa kwako. Kile ulichotaka kuniambia, nitakisikia. Na kwa kuwa asubuhi sauti inaweza kunikataa, lile neno nililobaki nalo tangu siku ya simu nalisema hapa, kwa sauti ya kawaida, kama nilivyofundishwa.

Endelea, Mama.

Mimi baba yako,
Ngiri